Kuanzisha timu au ligi ya hoki ya barafuni ya daraja la chini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na Waswahili walioko Marekani na Kanada, ambao wameona timu ya hoki ikitangazwa mjini kwao kwa mbwembwe, kisha baada ya misimu miwili mabango yakashushwa. Wengine ni vijana wanaosomea biashara ya michezo. Wachache wana hela na kuna mtu anawashawishi waingie ubia. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito.

"Daraja la chini" ni kama kwenye soka? Ukishinda unapanda?

Hapana, na hapa ndipo watu wa soka hupotea njia. Katika hoki ya Amerika Kaskazini hakuna kupanda wala kushuka daraja. Juu kabisa ipo NHL yenye timu 32. Inayofuata ni AHL, ligi iliyoanza mwaka 1936, ambayo kila timu yake ina timu mlezi ya NHL inayoitumia kuwanoa vijana wake. Ngazi ya tatu ni ECHL, iliyoanza 1988 na timu tano tu. Chini ya hapo kuna ligi zinazojitegemea zisizo na walezi: SPHL ya majimbo ya kusini, iliyoanza 2004, na FPHL, iliyoanza 2010 kwa jina lililotofautiana kidogo na la sasa.

Timu ya SPHL inaweza kutwaa ubingwa kila mwaka mpaka kombe lichakae, isipande popote. Kinachokuingiza kwenye ligi ni ada ya uanachama, uthibitisho kwamba una fedha za kuendesha msimu mzima, na ukumbi wenye barafu. Kati ya hayo matatu, la mwisho ndilo litakalokukosesha usingizi.

Kwa nini ligi mpya hufa mapema?

Timu kufa ni jambo moja na ligi kufa ni jingine, ila la pili kwa kawaida huanzia kwenye la kwanza. Chukua ligi ya timu sita. Moja inashindwa kulipa mishahara mwezi Januari, inafunga ofisi. Zile tano zilizobaki zinapoteza mechi za nyumbani ambazo tiketi zake zilishauzwa. Wadhamini wanataka kupunguziwa. Mwenye ukumbi bado anadai pango la tarehe zilizokwisha kutengwa. Timu nyingine iliyokuwa ikipumua kwa shida inafuata, na ligi ya timu nne si ligi tena: mashabiki wanamwona mpinzani yule yule Ijumaa, Jumamosi na wiki ijayo.

Mfano mzuri ni majimbo ya kusini ya Marekani kati ya 2002 na 2004. Atlantic Coast Hockey League ilicheza msimu mmoja, 2002–03, ikavunjika. Timu zake zikagawanyika kwenye ligi mbili mpya, South East Hockey League na WHA2, na hizo nazo zikacheza msimu mmoja mmoja tu. Mabaki yake ndiyo yaliyoungana mwaka 2004 kuwa SPHL, ikaanza na timu nane. Mbili kati ya hizo, Knoxville na Huntsville, bado zinacheza hadi leo. Kwa hiyo ligi inayoonekana imetulia sasa imejengwa juu ya makaburi matatu.

Ukubwa pia haukingi. IHL, ligi nyingine ya kulipwa, ilikuwapo tangu 1945. Miaka ya 1990 ikaacha miji yake midogo ya viwanda, ikaenda kwenye miji mikubwa, ikapanua safari na mishahara kana kwamba inataka kushindana na NHL yenyewe. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: mwaka 2001 ilifungwa, na timu zake sita, zikiwemo Chicago Wolves na Milwaukee Admirals, zikapokewa na AHL. Nayo Central Hockey League ilivunjika Oktoba 2014, msimu ukiwa unabisha hodi, na timu saba zikahamia ECHL.

Basi tatizo kubwa hasa ni lipi? Wachezaji? Mashabiki?

Ukumbi. Ukibanwa useme neno moja, sema ukumbi.

Wachezaji wapo wa kutosha. Kuna vijana wengi wa Kanada, Marekani na Ulaya wanaotafuta mahali pa kuchezea kuliko nafasi zilizopo. Mashabiki nao hupatikana. Lakini timu nyingi za daraja la chini ni wapangaji, na wenye nyumba huwa ni manispaa, kaunti au kampuni ya kuendesha kumbi. Ni kama kukodi ukumbi wa harusi ambao mwenyewe amekataza usilete mpishi wako wala vinywaji vyako: wageni ni wa kwako, sherehe ni yako, ila soda zikinunuliwa hela zinaingia mfukoni mwake. Na kwenye hoki bia na chakula si jambo dogo. Familia ya watu wanne inaweza kutumia kwenye dirisha la vyakula pesa zinazokaribia zile za tiketi.

Tuangalie Portland, katika jimbo la Maine, mji ambao Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi wameufanya kwao. Kulikuwa na timu ya AHL iitwayo Portland Pirates, ikicheza kwenye ukumbi wa kaunti katikati ya mji. Mwaka 2011 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 33 ili ukumbi ukarabatiwe. Ukarabati ukielekea ukingoni, mwaka 2013, timu na wasimamizi wa ukumbi wakashindwa kuelewana kuhusu mkataba, na kiini cha ugomvi kilikuwa nani achukue nini katika mauzo ya chakula na vinywaji. Timu ikaenda mahakamani, ikahamishia mechi zake za nyumbani Lewiston, mji mdogo ulio karibu saa moja kwa gari. (Ukumbi huo wa Lewiston ndiko Muhammad Ali alikomwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza, Mei 1965. Picha ile maarufu ya Ali amesimama juu ya mwenzake ilipigwa humo, kwenye jengo la hoki.)

Msimu mzima wa 2013–14 ukachezwa huko, huku ukumbi mpya wa mamilioni ukikaa Portland bila timu. Mapema 2014 wakapatana, timu ikarudi. Miaka miwili baadaye, 2016, haki ya timu, yaani nafasi yake kwenye ligi, ikauzwa na kuhamishiwa Springfield, Massachusetts. Portland ikakaa misimu miwili bila hoki ya kulipwa, hadi Maine Mariners wa ECHL walipoanza mwaka 2018.

Kwa hiyo mtu akikuletea wazo la timu, kabla hujauliza jina au rangi za jezi, omba rasimu ya mkataba wa pango. Nani anachagua tarehe? Tamasha la muziki likitaka Jumamosi yako ya Februari, nani anapisha? Maegesho ni ya nani? Matangazo kwenye mbao zinazozunguka barafu anayauza nani? Mtambo wa kupoza ukiharibika Ijumaa mchana, gharama ya mechi iliyoahirishwa inaangukia wapi? Mtu akikujibu "hayo tutayamaliza baadaye," aga uondoke.

Si tujenge ukumbi wetu?

Mkiwa na fedha hizo, huenda hamsomi ukurasa huu. Reno, Nevada, ilipewa nafasi ECHL, timu ikapata na jina, Raiders, lakini ukumbi haukujengwa na timu haikucheza hata mechi moja. Matajiri nao huchelewa: Coachella Valley Firebirds wa AHL walianza msimu wao wa kwanza Oktoba 2022 ukumbi wao ukiwa bado unajengwa kule jangwani California. Wakacheza ugenini na kuazima barafu Seattle hadi Disemba. Wao walikuwa na NHL nyuma yao, wakavumilia, na msimu huo huo wakafika fainali. Timu isiyo na mlezi ingekuwa imekwisha kabla ya Krismasi.

Njia ya katikati, yaani kupanga jengo kuukuu na kulifufua, ina hatari zake. San Francisco Bulls waliingia Cow Palace, jengo la mwaka 1941, wakatia fedha zao ili liweze kubeba hoki ya kulipwa. Walianza 2012. Januari 2014, msimu ukiwa katikati, walifunga. Matengenezo uliyoyafanya kwenye jengo la watu hayafungashiki ukaondoka nayo.

Barafu ina ugumu gani? Si maji tu?

Uwanja rasmi una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, karibu mita 61 kwa 26. Ndani ya sakafu ya zege kumelazwa mabomba yanayopitisha maji ya chumvi au glaikoli, yanayopozwa na mitambo inayotumia amonia au gesi nyingine. Sakafu ikishapoa, mafundi hawamwagi maji mengi yakaganda mara moja. Barafu ya namna hiyo hupasuka. Wananyunyiza utando mwembamba, wanasubiri ugande, wananyunyiza mwingine. Kisha inakuja rangi nyeupe, maana barafu yenyewe inapitisha macho na mashabiki wangekuwa wanatazama zege la kijivu. Baada ya hapo ni mistari myekundu na ya buluu, nembo za wadhamini, halafu tando nyingine nyingi juu yake. Ukimaliza umetumia zaidi ya lita 40,000, na unene wote ni kama sentimita tatu.

Kuanzia hapo mitambo haizimwi, mchana wala usiku, hadi msimu uishe. Kukiwa na mechi ya kikapu au tamasha, barafu haiyeyushwi. Hufunikwa kwa mbao maalumu, watu wakacheza juu yake, usiku mbao zikaondolewa na kikosi cha wafanyakazi ambao nao wanalipwa. Nje kukiwa na joto na unyevu, kama ilivyo kusini, unahitaji pia mashine za kukausha hewa, la sivyo ukungu unapanda juu ya barafu na kipa haoni mpira. (Huitwa paki: kisahani cheusi cha mpira mgumu.)

Amonia ni ya kuheshimiwa. Oktoba 2017, katika mji mdogo wa Fernie, British Columbia, ilivuja kwenye ukumbi wa barafu na kuua watu watatu waliokuwa kazini. Ukipewa jengo la zamani kwa bei ya kutupa, mlete fundi wa mitambo ya kupoza kabla ya kumleta mwanasheria.

Timu inaingiza pesa kutoka wapi?

Mapato ya mlangoni, wadhamini, bidhaa kama kofia na jezi, na kile kipande cha chakula na vinywaji ulichofanikiwa kukipigania. Pesa za televisheni ngazi hii hazipo. Mechi hurushwa mtandaoni, na mara nyingi timu yenyewe ndiyo inayomlipa mpiga picha.

Tupige hesabu ya kubuni tu. SPHL hucheza mechi 56 kwa msimu, yaani 28 nyumbani. Tuseme wanaingia watu 3,000 kila mechi na wastani wa tiketi ni dola 15. Hiyo ni dola 45,000 kwa usiku, dola 1,260,000 kwa msimu. Inapendeza kwenye karatasi. Sasa toa pango la ukumbi, waamuzi, bima, mabasi, hoteli, nyumba za wachezaji, fimbo (mchezaji mmoja anavunja nyingi), mishahara ya ofisini, ada ya ligi. Kisha kumbuka kwamba kati ya wale 3,000, kadhaa waliingia bure. Timu mpya hugawa tiketi za bure ili ukumbi uonekane umejaa, na mji mzima unajifunza kwamba hoki hainunuliwi. Msimu wa pili ukianza kudai dola 15, yule aliyezoea bure anaona umemdhulumu. Nadhani hili limeua timu nyingi kuliko barafu mbovu, ingawa haliandikwi kwenye matangazo ya kufunga.

Kinachouza kweli ni tiketi za makundi: shule, makanisa, kikosi cha zimamoto, kampuni inayowatoa wafanyakazi wake jioni moja. Mtu wa mauzo anayepiga simu kutwa mwezi Julai ana thamani kuliko mshambuliaji mzuri.

Halafu kuna usiku maalumu. Maarufu zaidi ni ule wa kurusha wanasesere: timu ya nyumbani ikifunga bao la kwanza, mashabiki wanarusha wanasesere wa manyoya barafuni, wanakusanywa na kupelekwa kwa watoto wenye shida. Mtindo huu ulianza Kamloops, Kanada, mwaka 1993. Hershey Bears, timu ya AHL kutoka mji wa chokoleti wa Pennsylvania, walikusanya wanasesere 102,343 kwa mechi moja Januari 2025. Mechi inasimama muda mrefu na hakuna anayelalamika.

Wachezaji wanalipwaje?

Kidogo, kwa wiki, na kwa muda wa msimu tu. ECHL kuna kikomo cha jumla ya mishahara ya timu kwa wiki, na timu hutoa nyumba. Wachezaji wa AHL na ECHL wana chama chao, PHPA, kilichoundwa mwaka 1967, kwa hiyo kuna mkataba wa pamoja unaopaswa kuheshimiwa. ECHL pia huruhusu wakongwe wanne tu kikosini, yaani waliocheza mechi 260 na kuendelea za kulipwa, ukiacha makipa. Lengo ni kuwapa nafasi vijana, ila kwa timu mpya inayotaka sura zinazojulikana inauma.

Gharama ambayo wageni huwa hawaioni ni mbili.

Ya kwanza ni bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Mchezaji wa hoki kisheria ni mfanyakazi, na kazi yake ni kugongana na watu kwenye barafu akiwa na visu miguuni. Kampuni za bima zinalijua hilo na zinatoza kulingana nalo.

Ya pili ni viza. Wachezaji wengi ni Wakanada. Sheria iliyosainiwa Marekani Disemba 2006 iliwaruhusu wachezaji wa ligi ndogo kutumia viza ya P-1, ile ya wanamichezo wa kulipwa. Kabla ya hapo walipangwa kwenye foleni ya H-2B pamoja na wafanyakazi wa msimu wa mahotelini na wakata nyasi, yenye kikomo cha watu 66,000 kwa mwaka. Lakini soma masharti vizuri: timu iwe kwenye umoja wa timu sita au zaidi zenye mapato ya pamoja yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka, au iwe na uhusiano rasmi na umoja kama huo. Ligi changa ya timu nne, isiyo na mlezi, haifiki hapo. Inarudi kwenye foleni ile ile ya 66,000, na foleni haijali kwamba mechi yako ya kwanza ni Oktoba.

Kuwa na timu mlezi kunasaidia?

Kunasaidia mfukoni, kwa sababu wachezaji wenye mkataba na mlezi hulipwa naye. Ila wanaondoka anapotaka yeye. Ijumaa saa nane mchana simu inalia: mtu ameumia juu, wanamtaka kipa wako usiku huu huu. Mechi yako ni saa moja jioni na picha ya kipa huyo iko kwenye kila bango. Kocha anaanza kupigia watu wanaodaka Jumapili kwa kujifurahisha. Hata juu kabisa hutokea: Februari 2020, David Ayres, mtu wa miaka 42 aliyewahi kuendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye ukumbi wa AHL mjini Toronto, aliingia golini mechi ya NHL kwa sababu makipa wote wawili wa Carolina waliumia. Akashinda.

Ubingwa unaokoa timu?

Hapana. Alaska Aces wa Anchorage walitwaa kombe la ECHL mara tatu, 2006, 2011 na 2014. Walifunga 2017, kila mpinzani alikuwa mbali, uchumi wa mafuta ulikuwa umeyumba, na haki ya timu ikauzwa. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kuwa Maine Mariners tuliowataja juu.

Newfoundland Growlers ni mfano mkali zaidi. Walianza 2018 kule St. John's, kwenye kisiwa cha mashariki kabisa ya Kanada. Msimu wao wa kwanza wakachukua kombe, jambo ambalo wengi hulisubiri miaka ishirini. Aprili 2024 ECHL ikawafuta uanachama kwa kutotimiza wajibu wao wa kikanuni, msimu ukiwa haujaisha. Kisiwa hakiendeki kwa basi. Kila safari ni tiketi za ndege kwa watu zaidi ya ishirini pamoja na mizigo ya makipa, na mizigo ya makipa ni mikubwa kweli kweli.

Ndiyo maana ligi zilizodumu hupangwa kwa saa za basi. Timu inacheza Ijumaa, inapanda basi la kulalia usiku, inaamka mji mwingine Jumamosi. Ukionyeshwa ramani ya ligi mpya yenye timu moja Texas na nyingine Dakota Kaskazini, hesabu mafuta kabla ya kitu kingine.

Si kweli kwamba watu wanakwenda kutazama ngumi?

Wapo, na ngazi za chini ngumi ni sehemu ya mvuto, tusijifanye. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Danbury Trashers wa Connecticut. Jimmy Galante, mfanyabiashara wa taka, alinunua timu mwaka 2004 na kumkabidhi mwanawe wa miaka 17 aiendeshe. Kijana akasajili wapiganaji, ukumbi ukajaa. Mwaka 2006 serikali kuu ikamfungulia baba mashtaka kuhusu biashara yake ya taka, na miongoni mwa makosa aliyokuja kukiri ni kukwepa kikomo cha mishahara cha ligi kwa kulipana kwa njia za pembeni. Timu ilidumu misimu miwili.

Miji ya joto ina nafasi?

Kuliko unavyodhani. Mwaka 1996 ilianza ligi Texas na New Mexico. Austin Ice Bats walicheza kwenye jengo la maonyesho ya mifugo na mashindano ya farasi. Ligi yenyewe iliungana na nyingine mwaka 2001, lakini ilithibitisha kwamba watu wa huko hununua tiketi. Mwaka 2015 AHL ilihamishia timu tano California kwa mpigo mmoja, kwa sababu timu za NHL za magharibi zilichoka kuwa na vijana wao upande wa pili wa bara. Savannah, Georgia, ilipata timu ya ECHL mwaka 2022 ndani ya ukumbi mpya wa mji. Kwenye joto hoki ni kitu kigeni, na ugeni unauza msimu wa kwanza. Msimu wa tatu ndio mtihani.

Kipi bora: kujiunga na ligi iliyopo au kuanzisha mpya?

Jiunge. Utalipa ada kubwa na utafuata kanuni za watu, lakini utapata ratiba, waamuzi, bima ya pamoja na wapinzani ambao hawatapotea Januari.

Anayesisitiza kuanzisha ligi ajifunze kwa PWHL, ligi ya wanawake iliyoanza Januari 1, 2024 na timu sita. Ile si ya daraja la chini, ni ya juu kabisa kwa wanawake, lakini muundo wake unafundisha: timu zote zina mmiliki mmoja, kundi la tajiri Mark Walter, na mkataba wa wachezaji ulisainiwa kabla ya paki kudondoshwa. Timu moja ikilegea, mfuko ni ule ule. Kabla yake ligi ya wanawake ya Kanada ilikuwa imekufa mwaka 2019, ikiwa na wachezaji bora duniani na fedha za kuhesabu. Aprili 2024 mechi ya PWHL Montreal iliingiza watu 21,105. Tajiri wa namna hiyo, bila shaka, hapatikani kila mtaa.

Na Afrika Mashariki? Kuna ligi inayoweza kuanzishwa?

Nairobi kuna Kenya Ice Lions, waliojifunza kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa 2005. Uwanja huo ni mdogo kuliko kipimo rasmi, hivyo wanacheza wachache kila upande. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Ligi ya kulipwa ni habari nyingine. Kikwazo chao ni kile kile cha Portland na Reno, ila kwa ukali zaidi: barafu ni moja, na si yao.

Nina akiba ndogo na ninaishi mji wenye timu mpya. Niingie ubia?

Akiba ya kusomesha watoto, usiitie huko. Hisa ndogo katika timu ndogo haina soko. Siku ukitaka kuiuza utamkuta mnunuzi mmoja tu, naye ni yule mwenye hisa kubwa ambaye hana haraka.

Kama una biashara, kuna njia nyepesi. Tangazo kwenye mbao za barafuni au usiku mmoja wa udhamini kwa timu za ngazi hii hujadilika, hasa Agosti na Septemba wakati ofisi ya mauzo inahaha. Mwenye mgahawa anaweza kuomba kulisha timu baada ya mazoezi. Hicho ni kipengele ambacho timu hununua kila wiki na hulipia kwa tiketi nusu, fedha nusu. Dai fedha ziwe nyingi kuliko tiketi, na ulipwe kila wiki, usikubali kusubiri mwisho wa msimu.